Mkeka Wako si wa Kuanikia Kahawa

Kokuhirwa,

Wewe mtoto, ni lini nilikuomba mkeka? Nimetoka kibanjani na mkungu kichwani, nafika uani nakuta kahawa yangu imehamishwa kutoka kwenye lile turubai lililotoboka, imemwagwa juu ya mkeka wako wa mpira wa rangi ya zambarau, imesambazwa vizuri, kama vile mwenye mkeka ameshakufa na ndugu wamegawana vitu vyake. Mwenyewe hupo. Umepanda bodaboda kwenda Kayanga kuchukua tiketi ya basi. Ujumbe umemwachia Adventina, mwanamke ambaye ukimpa neno moja analizalisha mpaka linakuwa ukoo. Kaja amesimama pale kwenye mgomba wa njiani, kavaa barakoa kidevuni, anasema, "Koku kasema mkeka ni wako, Bibi. Utakufaa kwa kahawa. Yeye hauhitaji tena."

Hauhitaji! Unarudi Mwanza kuuguza kwenye wodi ile ile iliyokutafuna mpaka nikakupokea umebaki shingo na macho, halafu kitu kimoja kilichokuwa kinakulaza usingizi unakiacha nyumbani kianikiwe kahawa. Nani kakufundisha ujinga huo? Usijibu. Najua nani kakufundisha. Ndiyo maana nimekaa barazani na kalamu, jua likiwa bado juu ya kilima cha ng'ambo, na maharage yanaungua jikoni.

Sasa nakusalimu. Shikamoo yako nitaipokea ukifika.

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nagomba. Unajua hivyo. Nakuita kula nagomba, nakuombea nagomba. Kalamu inanipunguza kasi. Shule nilitoka darasa la nne, mwandiko wangu unapanda mlima na kushuka, usiucheke, ndio uliokuandikishia darasa la kwanza kule Nyakakika baba yako alipokuwa ameshazikwa. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula ushibe, wala za kuangalia begi lako stendi. Wa umri wako wanazaa. Kama hujui kushika begi, hata barua haitakusaidia.

Nitakuandikia habari ya yowe langu.

Kwanza nikukumbushe ulivyofika, maana wewe mwenyewe hukujiona. Ulishuka kwenye pikipiki ukasimama mbali, ukasema, "Bibi, usinisogelee kwanza, nioge." Ukaoga. Ukaoga tena. Mikono yako ilikuwa imepasuka kwa sabuni na dawa kama ya mtu anayekanda udongo wa matofali kiangazi kizima. Nilikupaka samli ukaenda ukanawa, samli yote ikaishia kwenye beseni. Sikusema kitu siku hiyo. Andika mahali kwamba siku moja bibi yako hakusema kitu.

Na watu wetu, Mungu wangu! Kanisani benchi letu lilibaki tupu kama tumemwagiwa upupu. Mwenye duka pale senta alikusogezea sukari kwa mpini wa ufagio, nami nilikuwepo, nikamwambia, "Ungetumia ulimi wako, ni mrefu zaidi." Hakuna aliyekuja kukupa pole. Kijiji hiki mbuzi akivunjika mguu watu wanakuja kukaa, kahawa ya kutafuna inapitishwa, anasemwa mbuzi na wazazi wake. Wewe umetoka kwenye korona, umewafumba wafu macho kwa vidole vyako, na uani pangu pamekuwa kimya mpaka kuku wanashangaa.

Nikakuchunguza. Sikukuuliza, nilikuchunguza. Siku yule kijana wa bodaboda alipoegesha hapa kujaza upepo tairi, ule mlio wa ssss ulipoanza, uliacha sahani ya ndizi na maharage ikifuka moshi, ukatoka ukaenda kusimama katikati ya migomba na mikono umeibana kwapani. Nikakufuata na sahani. Nikakugombeza kwamba chakula kinapoa. Ukaniambia, "Bibi, ni kama mtungi wa oksijeni unapokwisha. Nikiusikia najua kuna mtu naye anakwisha." Nikasema, "Hapa hakuna mtungi, kula." Hiyo ndiyo hekima niliyokuwa nayo siku ile. Kula.

Kisha ukatoa mkeka begini.

Mimi nikadhani umeleta zulia. Nikafurahi. Kumbe mtu anautandika sebuleni, anapanda juu yake, anainama mpaka vidole vinagusa chini, makalio juu, kichwa kinaning'inia. Nikasimama mlangoni.

"Hiyo ni nini?"

"Yoga, Bibi."

"Ya nani?"

"Ya mtu yeyote mwenye mgongo."

"Kuinama mimi nimeinama tangu sijaolewa. Nimepalilia kibanja hiki mpaka minyoo inanijua. Hakuna aliyekuja kuniita mtu wa yoga."

Ukacheka, kwa mara ya kwanza tangu ufike. Ukasema ukiwa bado umepinduka kichwa chini, "Lakini wewe unainama umebana meno, Bibi. Na pumzi umeishika. Ukimaliza mgongo unalalamika mpaka kesho."

Nikakuambia uache kunisema na kichwa chako kikiwa chini. Lakini siku ile nikiwa kibanjani nilijisikiliza. Nilikuwa nimebana meno. Nilikasirika sana.

Ndipo ulinisimulia, tukimenya ndizi, habari ya chumba chenu cha kubadilishia nguo. Kwamba mkivua yale mavazi ya plastiki, jasho linamwagika kutoka kwenye buti kama mmevuka mto. Kwamba mlikuwa mnakwenda nyumbani kila mtu na wafu wake kichwani, huyu anamgombeza mumewe, yule anakaa bafuni na mlango kaufunga, na mwenzenu mmoja akasimama katikati ya zamu hajui jina lake. Kwamba nesi mmoja mkubwa wenu, mwanamke mnene wa kutoka Muleba, alifunga mlango akasema, "Hakuna mtu anatoka hapa hivyo. Tandikeni kanga." Akaweka simu ukutani, kuna mama anaongea polepole, inua mikono, shusha, vuta pumzi, itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Siku ya kwanza mlicheka. Siku ya pili mmoja akalia, akaendelea kulia amenyoosha miguu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Baada ya hapo hamkukosa.

Nikauliza, "Inatibu korona?"

"Haitibu chochote, Bibi. Inanirudishia mwili wangu, ili kesho niende nao kazini."

Hayo maneno niliyasikia. Lakini kusikia ni kitu kimoja. Mwishoni mwa ile mizunguko yako kuna ile ya kulala chali, na hiyo hukuwa umenionyesha.

Sasa lile yowe. Najua hutaki likumbukwe. Mimi nalikumbuka kila nikipita mbele ya nyumba ya mtu.

Nilikuwa nimetoka kisimani. Nikaingia sebuleni, gizagiza kidogo kwa kutoka juani. Nikakuona umenyooka chini katikati ya nyumba. Chali. Miguu imeachana, mikono imefunguka viganja juu, kanga imefunika macho. Kokuhirwa, wewe umezaliwa hapa. Unajua katikati ya sebule kwetu nani analala chali na kanga usoni. Anayelala hivyo anasubiri kuoshwa.

Nikakuita. Hukuitika. Nikakuita kwa jina lako la ubatizo. Hukuitika. Kumbe una vile vidude masikioni, na kumbe usingizi umekuchukua, usingizi wa kweli, uliokuwa umekukimbia tangu Mwanza. Mimi nayajulia wapi hayo? Mimi naona mtoto wa mtoto wangu katoka kwenye korona kaja kunifia sebuleni. Ndoo ikanitoka. Na mdomo ukafunguka.

Unajua enduru yetu, hilo yowe letu, ilivyo. Mtu akipiga yowe la msiba huku, halina mahali pa kulirudishia. Likitoka limetoka. Adventina akalipokea kule kwake, akalipandisha, likavuka bondeni, na hata nilipokuwa bado nimeshika fremu ya mlango nilisikia linapigwa upande wa pili wa kilima na watu ambao hata hawajui nani amekufa.

Wakaja. Mama wee! Wakaja wote. Wanawake na mikungu ya ndizi kichwani, mwingine na kuni, mwingine na maji. Vijana wamebeba mafungu ya nyasi za kutandika chini, maana msiba hauna vitanda. Wanaume wamekuja na majembe, na mwenyekiti wetu wa kuzikana, mzee Rwegasira, ameshaanza kuangalia upande wa kaburi la babu yako akipima kwa macho. Yule wa duka naye kaja, bila ufagio. Sebule ikajaa vilio. Ndipo wewe ukatoa kanga usoni, ukakaa, nywele upande mmoja zimelala, ukatutazama wote, ukaniuliza:

"Bibi, nani kafa?"

Nikasema, "Wewe."

Ndizi mojamoja zikaanza kudondoka kutoka kwenye mkungu wa mtu. Kisha Adventina akapiga yowe jingine, maana wafu waliokaa wanatisha kuliko waliolala, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuvunja chungu changu. Gharama yake hajalipa mpaka leo.

Usicheke. Au cheka kidogo. Mzee Rwegasira alicheka akakaa chini kwenye nyasi zilizoletwa na vijana, akasema, "Mimi majembe nimeshanoa. Na ndizi hizi hazirudi nyumbani. Pikeni tule msiba wa mtu aliye hai, mwenyewe atatuhudumia." Wakapika. Wakala uani mpaka jioni. Na pale ndipo nilipowaambia, na sijutii hata neno: "Mtoto huyu amekaa hapa wiki nzima akiwa mzima, hakuna aliyekuja na ndizi hata moja. Mmesikia amekufa, mmejaa. Sasa mnamtaka akiwaje?" Yule wa duka alitazama sahani yake.

Kama ningeishia hapo ningekuwa bibi mwema. Lakini mwinjilisti naye alikuwepo, akafuta mdomo akasema mambo ya kulala lala hivyo ni dini za watu, ni kualika vitu. Na Adventina kutoka nyuma ya migomba akasema, "Na amejilaza kimaiti, amejiita mwenyewe, sasa kitakuja." Watu wakanigeukia mimi. Mimi mwenye yowe la bure. Mimi niliyewaachisha kazi mashambani. Aibu ikanipanda kutoka miguuni, na aibu ikinipanda mimi huwa lazima itoke kwa mtu mwingine. Nikakugeukia mbele yao wote nikasema, "Hutalala hivyo tena kwenye nyumba yangu."

Hukubisha. Hicho ndicho kinachoniuma. Mtoto niliyekulea mimi, ubishi umenyonya kwangu, ukaukunja ule mkeka polepole kama unakunja shuka la mgonjwa aliyetoka kitandani kwa njia ile nyingine. Tangu siku hiyo mwinjilisti amefurahi, Adventina amefurahi, na wewe hulali. Macho yamerudi ndani. Mikono umeanza tena kuisugua. Juzi nilikuta unafagia uwanja ambao ulikuwa umeshaufagia, na ulipofika mwisho ukarudi mwanzo. Nikakuangalia. Nikajiona.

Sasa kaa vizuri, maana hili sijamwambia mtu, na sikuandikii ili unihurumie.

Miaka ile ya ugonjwa wa kukonda, ule ambao huku kwetu tuliuita Juliana kabla serikali haijatuletea jina lake, mimi nilikuwa na nguvu kama jembe jipya. Dada yangu wa Songambele aliugua, nikahamia kwake nikamuuguza. Akafa. Nikarudi. Shemeji akaugua. Nikamuuguza, nikamwosha. Hakukuwa na glavu, Kokuhirwa, kulikuwa na maji ya moto na Mungu. Kisha baba yako. Kisha mama yako nyuma yake, wewe ukiwa huna hata meno ya mbele.

Na kila msiba watu walikuja na nyasi zao. Nyasi zinatandikwa, waombolezaji wanalala chini. Unajua kwa nini wanalala chini? Mimi nilikuwa nikidhani ni heshima kwa marehemu tu. Nilikuwa nikiwaona wamejilaza pale, bega kwa bega, mmoja anazungumza, mmoja anasinzia, mmoja analia akigeukia ukutani, nikasema moyoni, hawa wamepata nafasi ya kufanya uvivu. Mimi sikulala. Msiba wa dada sikulala, wa shemeji sikulala, wa mwanangu mwenyewe wa tumbo sikulala. Nilikuwa jikoni. Nilikuwa napanga vyungu, nagomba na wapishi, nahesabu vikombe. Watu wakasema, "Yule mama ni chuma." Nikafurahi! Mwanangu yuko ndani ya ardhi, na mimi nafurahi kuitwa chuma.

Msiba ukaisha, nyasi zikatolewa zikachomwa. Nami nikawa nimebaki nimesimama.

Unaukumbuka mkono wangu wa kulia, ulivyokuwa haupandi kichwani? Ulikuwa unanisuka nywele wewe, mtoto wa shule ya msingi, unapanda kwenye kigoda. Watu walisema nimerogwa begani. Sikurogwa. Bega lilikuwa limekaza tangu siku ile ya vyungu na halikuwahi kuambiwa kwamba kazi imekwisha. Na unaikumbuka ile siku ya kikombe cha bluu. Ulikivunja, kikombe kimoja, nami nikakuchapa mpaka Rwegasira akaja kukuchukua mikononi mwangu. Kilikuwa kikombe cha baba yako cha dawa. Hukujua. Ungejuaje? Sikukuambia. Nilikuwa sina mahali pa kulia, nikaenda kulilia kwenye mgongo wa mtoto.

Hiyo ndiyo hali ya chuma. Nakuandikia ili uijue inavyofanana, ukiiona inakuja uikimbie. Haiji na kelele. Inakuja na sifa. Matroni atakuambia wewe ni shujaa, redio itasema wauguzi ni mashujaa, na wewe utasimama wima zaidi. Mimi nilisifiwa hivyo hivyo.

Sasa nikueleze leo nilichofanya, na ukisikia habari kwa Adventina kwanza, ujue yake ina chumvi.

Baada ya kuikuta kahawa juu ya mkeka wako niliikung'utia chini yote. Nikaupangusa mkeka kwa kanga. Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Nikajilaza. Hapo hapo uani, juani, na mifupa yangu hii. Chali, mikono imefunguka, kama maiti kamili. Nilitaka nijue ni nini nilichokunyang'anya.

Mwanzo sikuona kitu ila mawingu, na uchungu wa nyonga. Nikakumbuka ulivyosema: ivute, kisha itoe taratibu kuliko ulivyoivuta. Nikavuta. Nikatoa. Ilitoka fupi, ikakwama hapa juu ya kifua, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikavuta tena. Meno nimeyabana! Nikayaachia. Na yalipoachia, taya likaanza kutetemeka lenyewe, na machozi yakaanza kushuka kuingia masikioni, mimi sijayaita. Yalikuwa ya dada yangu kwanza. Nilimjua. Kisha yakaja ya baba yako. Nilikaa pale mpaka kuku wakapanda juu ya kahawa wakaanza kuipekua, nami sikuwafukuza. Hebu fikiri. Mimi, kuku wapo juu ya kahawa yangu, na sijawafukuza.

Mbuzi akaja akanitazama akaondoka. Kisha nikasikia nyayo, zikasimama.

"Bibi!" Adventina huyo. "Na wewe umekufa?"

"Pita."

"Nipige yowe nisipige?"

"Ukipiga nakufufukia."

"Sipigi. Ndizi zangu zenyewe zilikwisha kwenye msiba wa mjukuu wako."

Lakini hakupita. Akakaa pembeni kwenye jiwe la kunolea, akatafuna kahawa yake kimya, na kimya cha Adventina hujawahi kukisikia, ni kama mvua kukatika. Baadaye akasema, "Mume wangu alipofariki, zile nyasi ndizo zilizoniponya. Nililala mpaka nikachoka kulala." Kisha akanishika mkono akaninyanyua, maana nyonga ilikuwa imegoma kabisa, na huko kuinuka ndiko kulikoniumiza kuliko kulala. Mwambie yule mama wa kwenye simu awe na huruma na wazee.

Nimefikiri juu ya maneno ya Adventina tangu hapo, na maharage yameungua kwa ajili yake. Wagonjwa wako wa kule Mwanza, walizikwaje? Wewe ulinieleza. Kwa haraka, ndani ya plastiki, watu wachache wamesimama mbali. Hakuna aliyelala chini kwa ajili yao. Hakuna nyasi. Wewe ndiye uliyewashika mkono wa mwisho, wewe ndiye uliyekuwa ndugu. Msiba wa watu wote hao umebaki na nyinyi manesi, na mmekosa mahali pa kuuweka. Kisha mnatandika kanga kwenye chumba cha kubadilishia nguo na mnalala chini bega kwa bega. Mimi nilipokuona umelala kama aliyefiwa, nikapiga yowe kama umekufa wewe. Nilikosea mtu tu. Msiba ulikuwepo.

Mwinjilisti nimemwambia. Alipita hapa kuulizia michango ya paa, nikamkalisha. Nikamwambia, "Wewe ukifumba macho madhabahuni ukanyamaza kimya, hakuna anayekuletea ndizi za msiba. Mwache mtoto naye anyamaze." Akasema atalitafakari. Alitafakari akiwa ameshika kikombe cha uji wangu, kwa hiyo nadhani ataelewa.

Sasa sikiliza. Huko unakokwenda sitakuwepo, na mkeka hautakuwa dawa ya kila kitu. Wewe mwenyewe ulisema. Zipo siku utalala juu yake na pumzi itakwama tu. Siku hizo usijifanye mimi. Mtafute yule mnene wa Muleba, mwambie, "Leo imekwama." Kama naye imemkwama, kuna madaktari wa mambo ya kichwa, waendee, si aibu. Aibu ni kumchapa mtoto kwa sababu ya kikombe. Na ukipigiwa makofi, pokea makofi, kisha kaa chini. Ukisikia ssss na miguu ikataka kukimbilia migombani, huko Mwanza migomba haipo, kwa hiyo simama, achia meno, toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, mpaka miguu ikusikie. Nimejaribu leo. Inafanya kazi hata kwa mtu mkaidi.

Na usinionee haya. Wewe hukujiita maiti. Niliyekuita maiti ni mimi, mbele ya watu wote na majembe yao, na nitalifuta mbele ya watu.

Mkeka nimeuosha, umening'inia kwenye kamba nyuma ya jiko. Kahawa imerudi kwenye turubai lake lenye matundu, litanizika turubai hilo, wala usinunue jingine. Kesho kabla bodaboda haijaja, Adventina na Rwegasira watakuja kukuaga, nimewaita. Yule wa duka pia nimemwita, nikamwambia aje na mikono yake miwili. Watakukuta sebuleni, mlango wazi, umelala chali juu ya mkeka wako na kanga machoni. Watasubiri nje uani mpaka utakapomaliza, hata kama dereva atapiga honi mpaka betri iishe. Kigoda changu nitakiweka mlangoni na fimbo ya mbuzi nitakuwa nayo, na hakuna mtu atakayefungua mdomo wakati mtoto wangu anapumua.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, usije kunishika shika na kulia, nina maharage ya kuchagua upya. Nenda nyuma ya jiko, kautoe mkeka kwenye kamba kabla umande haujauloweka, na uuweke begini juu ya nguo zote, mahali ambapo mkono utaufikia kwanza.